Mkono Kando ya Uyoga

Ulitazama pembeni. Usikatae. Tingatinga lilipokwangua vichuguu vya nyuma ya mtaa wetu wa Kiwanjani, wewe ulipandisha kioo cha gari vumbi lisikuingie. Nilikuwa pale barabarani. Nilikuona, na mimi sisahau.

Hapo ndipo marehemu dada yangu Nakuam alipokuwa akitupeleka kuchuma uyoga mvua ikinyesha. Sasa kimebaki kichuguu kimoja. Baada ya kelele zangu nyingi, kamati ya mazingira ya mtaa ikasema: leteni picha inayoonyesha ni uyoga gani unaomea hapo, tutasimamisha kazi. Akiru, binti ya Nakuam, alikuwa na moja tu kwenye simu, ya mvua ya mwisho ya mamake.

Tukampelekea Jennifer, anayekagua picha za kamati. Akaivuta kwa vidole, ikawa kubwa.

"Ni tamu, lakini imetikisika."

"Mama alikuwa ananichekesha, madam. Alisema huo uyoga ni kichwa cha mjomba."

Jennifer akautazama upara wangu, akashindwa kujizuia. Hata mimi nilicheka.

"Huu mkono kando yake nimeupenda," akasema. "Bila huo singejua ukubwa. Lakini chini ya kofia hakuonekani, na uyoga hujulikana kwa huko chini. Mbona hamkuugeuza?"

Kwetu uyoga wa kwanza wa mvua haugeuzwi wala haung'olewi. Unaachwa uwaite wenzake. Nakuam alitufunza hivyo, mwenye kichwa kigumu kwa fimbo. Ule mkono aliuweka pale kumzuia Akiru asiuguse.

"Basi siwezi kuipitisha, Akiru dadangu. Kontrakta mwenye tingatinga akiniuliza huu ni uyoga gani, nitamjibu nini? Nileteeni nyingine kabla ya Ijumaa."

Nilitaka kugonga meza. Lakini alisema kweli. Akiru akachukua simu, akaifuta kwa leso polepole, pale penye vidole vya mamake, penye ile pete ya shaba iliyokataa kutoka. Mungu anisamehe, mimi niliyepigania kichuguu hicho miezi yote hii, wakati huo ningewaachia wakibebe chote, ili mkono ule usogee tena mara moja tu.

Usiku wa kuamkia leo mvua imenyesha. Alfajiri tumekuta uyoga wa kwanza umechomoza. Mmoja tu. Hatuugeuzi. Tunangoja wenzake, na utakaofuata ndio tutakaoupiga picha, juu na chini. Lakini tingatinga nalo limeshafika, limeegeshwa hatua chache kutoka hapo, na dereva anakunywa chai. Akimaliza, ataliwasha.

Akiru amekaa chini, ameweka mkono kando ya uyoga kama mamake. Mimi nimesimama mbele ya lile jembe la chuma. Wawili hatutoshi kukizunguka kichuguu.

Wewe uliyepandisha kioo, kishushe. Teremka. Njoo usimame hapa nasi, chai ya dereva haijaisha. Njoo sasa.