Nyuki wa Antipasi

Mzee Alute wa Rungwa alikuwa hajamwitikia mwanawe shikamoo kwa miaka sita, na kwa watu wa kwetu hilo si jambo dogo. Mtu akikunyima ugali utakula kwa jirani. Akikunyima marahaba, utaipata wapi? Antipasi alikuwa akifika nyumbani anainama, anatoa shikamoo yake, na mzee anaendelea kuchonga mzinga utadhani kapita kuku.

Kosa lake? Aliacha nyuki. Ukoo ule wote ulikuwa wa warina asali, na Antipasi ndiye mtoto wa kiume pekee, mrithi wa mizinga yote iliyotundikwa porini. Mwaka wa sitini na nane alitumwa Singida mjini kupeleka redio ya baba yake iliyokufa. Redio ilirudi na dereva wa lori. Antipasi hakurudi. Alibaki dukani kwa Mzee Gulamhussein, fundi redio, akijifunza kuunga nyaya. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Yeye kafuata nyaya, na baba yake alituma neno kwamba basi azile hizo hizo nyaya.

Kwa vipande vya redio mbovu akatengeneza chombo chake: sanduku la mbao, betri ya lori, spika, na waya mmoja uliosimama wima. Ukisogeza mkono karibu na waya, chombo kinalia. Ukiuondoa, sauti inashuka mpaka inakata. Hukigusi kabisa. Mjini walikiita redio ya wazimu, na mwenyewe hawakumwita vizuri zaidi. Lakini jamani, tuseme ukweli, kijana alikuwa na kipaji. Alikipiga kwenye sherehe za Saba Saba, akajiunga na kikundi cha maigizo akawa anaigiza walevi na makabaila mpaka watu wanamzomea sokoni, kisha akaanza kuandika michezo mwenyewe. Minne ilipigwa chapa, kikawa kijitabu chenye jina lake juu. Nakala ya kwanza alimpelekea baba. Dada yake Elina ndiye aliyemwambia baadaye, kwa huruma, kwamba mzee alikuwa akisokotea tumbaku kwa kurasa zake. Alikuwa amefika ukurasa wa kumi na tisa.

Ilimuuma. Angesema haikumuuma angekuwa mwongo, na Antipasi hakuwa mtu wa kudanganya nje ya jukwaa.

Basi mwaka wa sabini na nne watu wakahamishiwa vijijini. Rungwa nayo ikapokea kaya kutoka huku na huku, na kikundi kikaagizwa kuzunguka mkoa na mchezo mpya. Antipasi ndiye aliyeuandika. Ulihusu mzinga mmoja wenye nyuki wa koo mbalimbali wanaojifunza kufanya kazi pamoja. Yeye aliigiza dume la nyuki, mvivu anayekaa tu na kula, na huku amekaa akikivumisha chombo chake kwa sauti ya mzinga. Iguguno walipiga vigelegele. Mjini maofisa walimpa mkono. Yeye alikuwa akihesabu tu vijiji vilivyobaki kufika Rungwa, maana mchezo ule aliutunga kwa ajili ya mtu mmoja.

Rungwa walifika saa nane mchana. Mzee Alute alikuwa ameketi mbele, kwenye kigoda chake. Antipasi akamwendea watu wote wakiona, akainama.

"Shikamoo baba."

Mzee akatazama jukwaa. Elina akainamisha uso.

Mchezo ukaanza. Mvumo wa nyuki ulipotoka kwenye spika, Antipasi alisubiri vigelegele kama vya Iguguno. Havikuja. Warina asali walitazamana. Bibi mmoja alikaza kanga yake akainuka, wengine wakamfuata, na katibu wa kijiji jasho likamtoka, kwa sababu minong'ono yote ilikuwa na neno moja: kijiji hiki hakidumu. Antipasi hakuelewa kitu. Mkono wake ulikuwa hewani unatetemeka, na sauti nayo ikatetemeka.

Ndipo Mzee Alute akasimama. Antipasi alimwona anamjia moja kwa moja na fimbo yake, akajua leo sanduku linavunjwa mbele ya umati.

"Hao nyuki hawana malkia," mzee alisema. "Wana msiba. Mzinga ukivuma hivyo, baada ya siku chache unaukuta mtupu. Unakuja kutuambia tukae pamoja kwa sauti ya kuhama?"

Sauti aliyoibeba Antipasi miaka yote ilikuwa ya mzinga wa mwisho alioutegea sikio kabla ya kwenda mjini. Na kweli, sasa akakumbuka, mzinga ule ulihamwa.

Mzee akaweka fimbo chini, akachuchumaa kando ya sanduku, akatega sikio kwenye spika kama anavyotega kwenye gogo la mzinga.

"Shusha."

Antipasi akarudisha mkono nyuma kidogo.

"Umeshusha mno. Pandisha kidogo. Usitetemeke, nyuki hawampendi mwoga. Kidogo tena." Mzee alifumba macho. "Hapo. Hapo hapo. Sasa wapo kwao."

Bibi aliyeinuka akarudi kuketi. Waliokuwa wameanza kuondoka wakarudi pia, na mtu mmoja huko nyuma akacheka kwa furaha, maana ule sasa ulikuwa mvumo wenyewe wa mzinga uliojaa. Mchezo ukaendelea, na mzee hakurudi kwenye kigoda. Alichuchumaa pale pale mpaka mwisho, na magoti yake ya miaka sabini, akimwelekeza mwanawe kwa kidole: juu, chini, acha.

Watu walipotawanyika aliinuka kwa shida, akiegemea bega la Antipasi. Akaokota fimbo yake. Akauliza kama kile kijitabu kipo kingine, Elina amsomee, maana cha kwanza kilikwisha. Antipasi akasema kipo. Mzee akapiga hatua tatu nne kuelekea nyumbani, kisha akasimama bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu."

Antipasi akachomoa waya wa betri, akaketi juu ya sanduku lake, akalia mbele za watu.