Kompyuta Mbili za Nambari Saba

Kila ikifika saa kumi jioni, kompyuta ya saba inakata. Si saa tisa na nusu, si saa kumi na robo. Saa kumi kamili, jameni, kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Madam, imenitupa tena!" alilalamika mteja, mwalimu mmoja wa Dundori aliyekuwa katikati ya kutuma barua ya kazi. "Inasema kuna mashine nyingine inatumia anwani yangu. Mashine gani sasa?"

"Pole, boss. Hamia ya tisa," Celestine alimwambia, akacheka kama si kitu. Hii ilikuwa siku ya nne mfululizo.

Huo ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa 2008, na Nakuru bado ilikuwa inatembea kwa kunyata baada ya zile fujo za kikabila za uchaguzi. Saiba ya Mayur, nyuma ya soko, ilikuwa na kompyuta kumi na mbili za kukodisha kwa dakika. Kila moja ilikuwa na anwani yake kwenye mtandao wa ndani, na utaratibu wa pale ulikuwa mwepesi: ya kwanza anwani yake inaishia na moja, ya pili na mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Obura ndiye aliyezipa anwani hizo kwa mkono, mashine baada ya mashine. Hakutaka mtambo ujigawie wenyewe, mbishi yule!

Obura alikuwa fundi mwenzake Celestine. Alipotea ile Ijumaa mbaya ya Januari, pamoja na kompyuta ya saba aliyokuwa ameibeba kwenda kuibadilisha diski. Tangu wakati huo nafasi ya saba ilikaa wazi, mpaka Jumatatu hii Mayur alipoleta mashine mpya, Celestine akaipa anwani ile ile aliyoiweka marehemu. Ndiyo, marehemu. Moyoni alishamzika zamani. Na angekosaje kumzika, wakati yeye ndiye aliyemsikia?

Hilo hakumwambia mtu. Kila aliyeuliza, hata mamake Obura aliyepiga simu mara moja kutoka Kisumu, aliambiwa kwamba siku hiyo Celestine alitoka kazini saa sita mchana. Uongo mtupu. Saa kumi na mbili jioni alikuwa ndani, amejifungia, na Obura alikuwa nje anagonga grili ya mlango. "Cele, ni mimi! Fungua!" Nyuma yake barabara nzima ilikuwa inapiga mayowe. Ufunguo Celestine alikuwa nao mkononi. Miguu ilikataa. Haki ya nani, ilikataa kabisa. Alisimama pale akiuma mkono wa sweta mpaka kule kugonga kukaisha.

Sasa alijikaza kisabuni, akaketi kwenye kompyuta ya kaunta. Kwanza aliuchomoa waya wa ile mashine mpya. Kisha akaiita anwani ya saba. Ikajibu, na mashine yenyewe haina waya!

Akafungua orodha inayoonyesha kila anwani imeshikwa na kadi gani ya mtandao. Kadi huja na nambari yake kutoka kiwandani, na mashine ikihama, inahama nayo. Akatoa daftari ambamo Obura alikuwa ameziandika zote. Kidole kilishuka polepole mpaka mstari wa saba. Kadi iliyokuwa ikijibu ilikuwa ya ile kompyuta iliyopotea.

"Woi!" alisema kwa sauti, mwalimu akageuka kumtazama.

Angependa kuzima kila kitu akimbilie kanisani, sikufichi. Lakini hata kwa woga wote ule alijua kwamba jibu linakuja kwa waya, na waya una mwisho. Basi aliiacha kompyuta ya kaunta iendelee kuita, akaenda kwenye kisanduku kinachounganisha nyaya zote, akaanza kuzichomoa moja moja, isipokuwa ule wa kaunta. Wateja waliwaka. "Wee madam, vipi?" "Dakika moja tu!" Alipoutoa waya wa mwisho, mkuukuu, umejaa vumbi, jibu likakatika. Akaurudisha. Likarudi.

Waya huo ulipanda ukutani ukapenya dari. Juu aliishi mamake Mayur, Bhagwanti, mjane aliyekataa katakata kuhamia kwa mwanawe Milimani. Celestine alipanda ngazi roho mkononi.

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye meza ya chakula, kando ya sahani ya chapati, kompyuta ya saba ilikuwa inawaka. Bhagwanti alikuwa ameinamia kioo, miwani puani.

"Mama Mayur," Celestine aliita akiwa mlangoni.

"Ingia, Celestine. Namsoma binti yangu Reena. Saa kumi hapa, kwao Leicester, Uingereza, ni lunch, ndiyo saa ananiandikia. Lakini wiki hii inakatakata sana, kwa nini?"

"Nani alikuletea hii mashine?"

"Obura. Usiambie Mayur, atairudisha chini." Aliongea kama anayemtaja muuza maziwa. "Siku ile alikuwa anagonga kwenu. Mimi nikashuka ngazi ya nyuma nikamvuta ndani, yeye na mashine yake. Siku kumi alikaa hapa, akanifundisha email. Halafu akaenda Kisumu na magari yale ya kusindikizwa na polisi. Yuko huko, anafanya kazi."

"Yuko hai?"

"Si nimekuambia?"

Celestine alishika mlango, akacheka, akalia, akamshukuru Mungu kwa Kiswahili na kwa Kiluhya. Kisha akauliza, "Aliniulizia?"

Bhagwanti alivua miwani. "Siku ya kwanza. Aliuliza kama kulikuwa na mtu ndani. Mimi sikudanganya. Nilimwambia alipokuwa anagonga, niliona taa yenu inazimwa. Jina lako hakutaja tena."

Afadhali angempiga kofi.

"Nipe namba yake, tafadhali."

"Hapana. Alisema nisimpe mtu yeyote wa huko chini." Mama yule alisukuma kiti kuelekea kwake. "Lakini kaa. Andika hapa, itamwendea na jina langu."

Celestine, aliyezoea kuwachapia watu barua kutwa nzima bila kutazama herufi, sasa alizitafuta moja moja. Aliandika juu ya fujo, akafuta. Aliandika juu ya woga, akafuta. Mwishowe alibakisha maneno machache tu: Nilikuwa ndani, na nilikusikia.

Hakuweza kuituma. Bhagwanti alinyoosha mkono akambonyezea.