Rangi Nyekundu

Kijana mmoja alikuwa mkemia katika kiwanda cha mjomba wake cha vikombe vya watoto. Alipochoka kujaza ripoti za kemikali hatari kwa mkono, alitengeneza programu iliyochukua vipimo vya maabara na kuvituma yenyewe kwa mamlaka ya usalama wa bidhaa.

Asubuhi moja mjomba aliingia maabara akihema.

"Mwanangu, eti rangi nyekundu ya vikombe ina madini ya risasi? Mbona serikali imejua kabla yangu?"

"Ripoti imeshakwenda, mjomba. Programu haisubiri ruhusa."

Moyoni alishukuru. Mjomba ndiye aliyemsomesha. Angetakiwa kuituma mwenyewe, huenda angesita.

Mjomba akafunga mlango. "Basi waandikie kwamba programu imekosea. Nani atabisha?"

Shukrani ile ikamwishia kijana. Alidhani programu imemtua mzigo, kumbe ulikuwa ukimngoja mlangoni.

"Haijakosea. Nilirudia kupima," akasema. "Nikiandika hivyo, mwongo nitakuwa mimi. Na watoto watazidi kunywea vikombe hivyo."

Mjomba alitoka bila kuaga. Vikombe vyekundu vikaondolewa madukani, na kwa muda mrefu wawili hao walisalimiana kwa shingo upande.

Kisha siku moja mjomba akaja na kopo la rangi kutoka kwa muuzaji mwingine.

"Nipimie hii kabla sijainunua," akasema, akavuta kiti na kukaa kungoja majibu.