Siku Nganda Ilipofungwa

Kila Jumamosi asubuhi Djo alikimbia na wenzake kandokando ya ziwa, kisha wakaishia kwenye nganda moja kunywa bia. Mama Émérence akimwonya mwanawe, Djo alicheka: “Mama, pombe yote inatoka na jasho! Angalia kifua hiki.”

Mama alikiangalia kwa hofu. Marehemu mumewe naye alikuwa na kifua kama kile, mpaka ini likamwangusha.

Jumamosi hii viatu vya Djo vilibaki mlangoni.

“Hukimbii leo, papa? Unaumwa?” Mama akamuuliza mwanawe.

“Hapana. Nganda imefungwa, mwenyewe ana kilio.”

“Na barabara nayo imefungwa?”

Djo alimpigia simu rafiki yake: “Éliézer, leo nganda gani iko wazi?”

Aliposikia jibu, akainama kufunga kamba za viatu.