Muuaji Hutajwa Chalinze

Jumatatu ile, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bi Mwanaidi alikuwa ameshawasha jiko mahali pake pa siku zote, hapo Manundu, mjini Korogwe, kando ya barabara, mkabala na banda la mkaa la Rosina. Alikuwa amezikwa Ijumaa, kwao Handeni. Rosina alivuka akamwongezea mkaa kidogo.

"Shikamoo bibi. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa. Huko jua kali, mahindi yote yamekauka."

Wakazungumza habari za mahindi. Vitumbua vilipoiva, Rosina alisema ameshakunywa chai nyumbani. Hakuwa amekunywa.

Aliyeyaona hayo kutoka dirishani ni Habakuki, mwandishi wa riwaya za upelelezi, na alijua vizuri kwa nini Rosina amedanganya.

Habakuki alizaliwa Mombo. Mama yake aliuza ndizi kwa abiria wa mabasi, na huko ndiko mtoto alikojifunza kwamba abiria hana subira. Alipokua akaanza kuandika, hakuwa na uwezo wa kuchapisha nakala nyingi, kwa hiyo akapatana na makondakta: abiria anakodi kitabu Mombo, anasoma njiani, akishuka anakirudisha. Ikambidi apime hadithi zake kwa barabara. Mtu afe kabla basi halijaingia Korogwe, shaka ikolee Korogwe penyewe, mambo yageuke Mkata, muuaji atajwe Chalinze. Aliandika riwaya kumi na moja kwa kipimo hicho, zote za Inspekta Kaleb, ambaye hakuwahi kukosea. Wasafiri wa Dar es Salaam walimpenda sana. Wapo waliopitiliza vituo vyao kwa ajili yake.

Katika riwaya ya kumi na moja, karani wa shamba la mkonge anakufa kwa sumu. Habakuki alihitaji mtu wa kushukiwa, tena ashukiwe sawasawa, maana safari hii alitaka abiria wa Korogwe washindwe kukirudisha kitabu na wakinunue kabisa. Alikuwa mezani kwake, kitumbua cha Bi Mwanaidi mkononi, kama asubuhi zote kwa miaka tisa. Basi akamchukua bibi wa watu mzima mzima: kidole gumba cha kushoto kilichokatika, khanga ya njano, hata neno lake la kumpa mteja, "Kula ushibe, mwanangu." Mtaa wenyewe hakuubadilisha. Ukurasa wa arobaini, karani anauma kitumbua, anausikia uchungu chini ya iliki, anaanguka. Chalinze, Inspekta Kaleb anagundua kwamba sumu ilikuwa ndani ya chai na aliyeitia ni shemeji wa karani. Muuza vitumbua anaombwa radhi kurasa mbili nzima, na Habakuki alilia kidogo alipoziandika.

Watu wa Korogwe hawakukinunua. Walishuka, wakamrudishia kondakta Valentino kitabu chake, wakaenda nyumbani na jibu lao. Ndiyo maana mpaka leo Dar es Salaam imejaa watu wanaojua kwamba muuza vitumbua wa Manundu hana kosa. Manundu kwenyewe hakuna hata mmoja.

Kwa miezi saba Bi Mwanaidi alikaanga asubuhi, na jioni akawamwagia kuku. Habakuki naye aliacha kununua. Alijiambia ni kwa sababu ya aibu. Mwishowe bibi alifunga vyombo, akaenda Handeni kwa kaka yake Sadala, siku moja akalala asiamke. Sadala alisema hakuwa na ugonjwa wowote.

Sasa alikuwa amerudi, na Habakuki ilimbidi ateremke barabarani akamwamkie.

"Marahaba," alisema Bi Mwanaidi, akigeuza vitumbua. "Wewe ndiye uliyeniandika."

"Ndimi, bibi. Nisamehe. Nimekukosea sana."

"Sikuja kugombana. Nataka mtu mmoja tu wa Manundu ale kitumbua changu, wenzake wakimwona. Nikishaliona hilo, narudi nikalale."

Habakuki alikwenda akachapisha ile sura ya mwisho tu, akaigawa bure mtaa mzima. Watu waliisoma; hilo lazima lisemwe. Siku ya tatu Rosina alikuja kumrudishia yake, imekunjwa vizuri.

"Nimeisoma yote, mwandishi. Hapo mwisho Kaleb kahongwa."

"Kahongwa na nani?"

"Na yule bibi, na nani mwingine! We jiulize, mtu asiye na kosa angerudi kutafuta nini?"

Karatasi zilizobaki zilifungiwa dagaa sokoni, na nyingine Bi Mwanaidi aliziokota mwenyewe, akazipanga chini ya jiwe karibu na jiko lake. Habakuki alikesha na moyo mzito. Alikumbuka kwamba yeye naye ni mtu wa Manundu.

Jumamosi alisimama mbele ya jiko watu wakiwa wengi. Bodaboda walizima pikipiki. Rosina alitoka bandani, mikono myeusi, akasimama pembeni. Bi Mwanaidi alichagua kitumbua kilichoiva pande zote, akakiweka juu ya karatasi. Ilikuwa ni karatasi ya kuombwa radhi.

"Kula ushibe, mwanangu."

Habakuki akauma. Nazi ilikuwa ileile, na mchele umesagwa laini kama zamani. Kisha ukaja uchungu, chini ya iliki, palepale alipouweka ukurasa wa arobaini. Alijua haupo. Aliubuni mwenyewe, mezani kwake, akiwa ameshiba vitumbua vya mwanamke huyu. Alijiambia ameze. Alijiambia hivyo mara tatu, na koo lilikataa.

Akageuka pembeni kama anayekohoa, akatema ndani ya karatasi, akaikunja na kuitia mfuko wa shati.

"Kitamu, bibi," alisema.

Bi Mwanaidi alimtazama kidogo.

"Ahsante, mwanangu," alisema, akachota uji wa mchele na kujaza kikaango upya.

Bodaboda wakawasha pikipiki zao. Rosina alirudi bandani. Mafuta yalipenya karatasi na shati. Habakuki alilifua, akaliacha wiki nzima kwenye waya wa kuanikia nguo, doa halikutoka, na mfuko ulikuwa wa moto kila alipoushika.

Jumapili, kesho yake tu baada ya kitumbua kile, jiko liliwaka mapema. Habakuki alikuwa akienda stendi kumpelekea Valentino riwaya ya kumi na mbili. Alipouona moshi, alivuka barabara, akapita upande wa pili, wanakopita watu wote.