Sababu ya Rangi

Marlys Oberg aliandaa bili za maabara katika hospitali moja mjini Duluth. Kanuni ilikuwa wazi: daktari akiongeza rangi ya kuchunguzia ugonjwa kwenye tishu ya mgonjwa, ripoti yake lazima ieleze kwa nini, la sivyo bima hailipi. Siku za karibuni ripoti za Dakta Lindquist zilikuja bila sababu yoyote, basi akamfuata ofisini.

"Andika tu wewe, Marlys," daktari akatabasamu. "Si unajua ningesema nini."

"Siruhusiwi, Dakta. Andika mwenyewe, mimi nangoja."

Daktari mzee akainamia hadubini, akatazama mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha akauliza polepole, "Hii ni sehemu gani ya mwili?"

Daktari wa miaka mingi kuuliza hivyo: Marlys akatambua kuwa kumbukumbu zinamtoka. Huyu ndiye aliyeiona mapema saratani ya mumewe, na mumewe yu hai. Akisema, atamvunja mzee wa watu. Akinyamaza, kila kioo chenye tishu pale mezani kilikuwa cha mume au mke wa mtu.

"Usimwambie mtu," Lindquist akanong'ona.

Marlys akavuta kiti, akaushika mkono wake. "Nitamwambia mkuu wa idara. Ila twende wote."

Daktari hakuinuka, na Marlys hakuweza kuuachia ule mkono.