Mawe ya Kisiwa Kisicho na Wenyewe

Mwalimu Sadiya Chachu alikuwa na siri ambayo walimu wenzake hawakuijua: mwanamke mzima, mwalimu wa hesabu, anayeogopwa na darasa zima, alikuwa akicheza gemu. Tena si gemu ya bastola wala ya magari yanayogongana. Ilikuwa gemu ya kisiwa. Mtu mdogo mwenye kofia pana na mkoba mgongoni anashushwa ufukweni, hana adui, hana saa inayomkimbiza, anatembea tu. Akikuta lango limefungwa, anazunguka kutafuta namna ya kulifungua. Akichoka, anakaa juu ya gogo, na mawimbi yanaendelea kupiga kana kwamba hakuna mtu duniani mwenye haraka. Sadiya alikuwa akirudi nyumbani kutoka shuleni kichwa kikimwanga, anavua viatu, anachukua kishikwambi chake chenye ufa kwenye pembe, na kabla chai haijachemka yuko kisiwani.

Likizo ilipofika, mama yake, Kabale, akaja, na siri ikaisha.

Kabale hakuja kwa hiari. Alikuwa ameanguka peke yake nyumbani kwake kijijini Kulamawe, akalala chini karibu na jiko mpaka jirani akamkuta. Sadiya, mtoto wake wa pekee, alimwendea akamsihi mpaka sauti ikamkauka. Baba alikuwa ameshakufa, ng'ombe walikuwa wameshakwisha kwa kiangazi, pale palikuwa pamebaki nini cha kulinda? Kabale alimsikiliza huku akipepeta mchele, halafu akatoa sharti lake. Angekaa kwa Sadiya, Isiolo, mpaka shule zifunguliwe. "Nikipenda, nitabaki. Nisipopenda, unirudishe bila maneno."

Sadiya alikubali, kwa kuwa alikuwa amejiaminisha kwamba atamfanya apapende. Alinunua godoro jipya. Alimpeleka hospitali kupimwa presha. Alimtambulisha kwa Istar, jirani wa mlango wa pili, mama mcheshi ambaye birika lake halikupoa. Sadiya mwenyewe hakuwa na mume wala mtoto, majirani walishachoka kumuuliza, na hapo ndani palikuwa na nafasi ya kutosha ya kumpenda mama. Lakini Kabale alikaa kwenye mkeka kama mgeni aliyekuja kutoa pole. Akiulizwa kama yuko sawa, anasema yuko sawa. Akiulizwa kama atabaki, anasema shule bado hazijafunguliwa.

Jioni moja, baada ya sala ya magharibi, Sadiya alijisahau akafungua kisiwa chake mbele ya mama. Punde akasikia pumzi begani.

"Hii maji yote ni ya nani?"

"Ni ya bahari, Ayo. Haina mwenyewe," Sadiya akasema. Ayo ndilo neno la kwao la kumwita mama.

"Maji hivi, na ng'ombe hata moja hakuna?"

"Ni ya chumvi."

"Aa. Ndiyo maana watu wake walihama," Kabale akasema, na kesi ikaishia hapo. Lakini hakuondoa macho kwenye kioo. Baada ya muda akanyoosha kidole. "Mbona unampitisha kwa jua? Mpitishe kule kwa kivuli."

Sadiya akampa kishikwambi, kwa mzaha tu. Hakukipata tena mpaka wakati wa kulala.

Tangu siku hiyo kisiwa kikawa cha Kabale. Kidole chake kilikuwa kizito mwanzoni, mtu mdogo akawa anatumbukia majini kila mara, na kila akitumbukia Kabale alimwomba radhi. Lakini njia hakuisahau hata moja. Alijua penye mti uliopinda, alijua penye mwamba mweusi, na alipofika kwenye kijumba kilichoachwa na wenyewe hakuingia hivihivi. Alimsimamisha mtu wake mlangoni, akasema, "Salaam aleikum," akangoja. Sadiya alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Hakuna mtu ndani, Ayo!"

"Wewe umejuaje kabla ya kubisha?"

Moyo wa Sadiya ulifunguka. Alimpigia simu Judy, mwalimu mwenzake, akajigamba kwamba mama amenasa, hata jina la Kulamawe halitaji tena. Na kweli hakulitaja. Alikuwa akiamka, anaswali, anakunywa chai, halafu anauliza kama ile kitu imekula moto, maana yake kama kishikwambi kimechajiwa. Sadiya alianza kuhesabu ushindi mapema mno, kosa ambalo angelikosoa kwa mtoto yeyote wa darasa lake.

Kisha wakafika kwenye lango la mizani.

Lilikuwa lango kubwa la mawe katikati ya kisiwa, na mbele yake sahani mbili za mizani. Upande mmoja umeshuka, upande wa pili uko mtupu. Fumbo lenyewe halikuwa gumu. Kando ya njia, mahali palipoinuka kidogo, palikuwa na rundo la mawe lililofika kifuani kwa mtu mdogo. Unatoa mawe pale, unayapeleka langoni, unayapanga mpaka sahani zilingane. Sadiya aliliona jibu kabla hajamaliza kukaa vizuri, akanyamaza ili mama alipate mwenyewe.

Kabale alisimama mbele ya rundo. Akamrudisha mtu wake mpaka ufukweni, njia yote ile, akaokota jiwe moja, akalileta, akaliweka juu. Midomo yake ikacheza kidogo. Halafu akaendelea na safari kama mtu aliyemaliza shughuli.

Kesho yake akaweka lingine, na siku iliyofuata lingine. Gemu yenyewe haikuwa na ubishi, ililipokea kila jiwe kwa mlio mdogo, tuk, na rundo likazidi kukua huku lango likiwa limefungwa vilevile.

"Ayo," Sadiya akashindwa kuvumilia, "hapo hauweki. Hapo unatoa. Unapeleka kwa ile mizani."

"Natoa nini?"

"Hiyo mawe."

Kabale akamgeukia akamtazama vile alivyokuwa akimtazama zamani akimkuta na mkono kwenye sukari. "Nitatafuta mawe ingine."

"Hakuna ingine yenye uzito. Mwenye kutengeneza gemu alitaka utoe hiyo."

"Basi hajui," Kabale akasema, na akaendelea kutembea.

Alizunguka kisiwa kizima. Alijaribu mawe ya ufukweni, alijaribu magogo, alijaribu makome, alijaribu hata kumsimamisha mtu mwenyewe juu ya sahani. Lango halikutikisika. Sadiya alikuwa akikaa pembeni akiumia. Mwalimu wa hesabu kuangalia fumbo jepesi namna ile likikaa bila kufumbuliwa ni adhabu, lakini hilo lilikuwa dogo. Lililomkosesha raha ni kwamba shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mama alikuwa ameanza kukiweka kishikwambi chini mapema na kutazama nje. Akichoka na kisiwa, atakumbuka kwake. Sadiya aliogopa, na mtu mwenye hofu hupata mawazo ambayo kwa macho yake ni mazuri sana.

Alasiri moja Kabale alienda kwa Istar kunywa chai. Sadiya akachukua kishikwambi, akalibomoa lile rundo jiwe baada ya jiwe, akayapeleka yote kwenye mizani. Sahani zikalingana. Lango likafunguka kwa kishindo, na ng'ambo yake kukawa na bonde la majani mabichi na mto wa maji matamu, na kulungu wanakunywa. Alikaa akifurahi peke yake. Hatimaye angemwonyesha mama yake mahali penye maji na wanyama pamoja.

Kabale aliporudi, akapokea kishikwambi, akaona lango liko wazi.

"Nimekufungulia," Sadiya akasema. "Ingia uone mto."

Kabale hakuingia. Alimgeuza mtu mdogo, akamrudisha njiani polepole, mpaka pale palipoinuka. Palikuwa na udongo mtupu, duara jeupe, hata nyasi hazikuchorwa.

"Iko wapi?"

"Nimeitumia kwa lango. Ni gemu tu, Ayo."

Kabale akachukua ncha ya shungi lake, akapangusa kioo taratibu, akakiweka kishikwambi kwenye mkeka. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Intala, binti yangu, kesho nitafutie gari ya Kulamawe."

Sadiya alikasirika, na tuseme ukweli, hasira yake haikukosa sababu. Amemhangaikia mama huyu, amempikia, amemnunulia godoro, na leo mawe ya kuchorwa yana thamani kuliko yeye wa damu? Alisema baadhi ya hayo kwa sauti. Kabale alikunja nguo zake, na wakala chakula cha jioni kila mmoja akitazama sahani yake.

Asubuhi, hasira ikiwa imepoa na kubaki uchungu mtupu, Sadiya alimkuta mama akifunga mfuko. Akachuchumaa karibu naye.

"Ile mawe ilikuwa nini?"

Kabale akaacha kufunga. "Wewe ni mtoto wa Kulamawe, na unaniuliza mimi?"

Hapo ndipo Sadiya alipokumbuka, na alikumbuka kwa mkono kabla ya kichwa. Mkono wake mdogo ndani ya mkono wa baba yake, njiani kwenda bwawani, na baba anamwekea kijiwe kiganjani. Kando ya njia kuna kaburi la mchungaji aliyefia safarini, ukoo wake hata haujulikani, na juu yake mawe yaliyorundikwa ili fisi wasimfikie. Anayepita anaweka moja, anamsomea Fatiha, anaenda zake. Baba alikuwa akimwinua juu ili na yeye afikie. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia asiondoe jiwe pale. Hakuna mtu aliyefikiri kwamba jambo hilo linahitaji kusemwa.

Wazo la pili likaja nyuma ya lile la kwanza. Baba yake alifia malishoni, akazikwa siku ileile kabla yeye hajafika. Alikaa na wanawake matanga, akalia nao, akarudi Isiolo kusahihisha mitihani. Baada ya hapo amekwenda Kulamawe mara chache, na kila mara ana haraka, kila mara gari linangoja. Kaburi la baba yake hakulijua liko upande gani. Aliona aibu, aibu ya kweli, inayowaka masikioni.

"Ninaenda na wewe," akasema.

"Kunibebea mfuko?"

"Hapana. Kwa baba."

Kabale alifungua mfuko aliokwisha kuufunga, akautazama ndani, akaufunga tena.

Walifika Kulamawe jua likiwa bado halijawa kali. Kabale hakupitia nyumbani kwake. Alishika njia ya mifugo iendayo bwawani, mbele yeye, nyuma Sadiya na viatu vyake vya mjini vinavyojaa mchanga. Njiani Sadiya alijiandaa kwa kile atakachokiona: mawe machache yaliyotawanyika, kaburi lililosahaulika kwa sababu mke amechukuliwa na mtoto hana habari. Alikuwa tayari kuomba msamaha kwa hilo.

Lakini rundo lilimfika kiunoni. Yalikuwa mawe meusi na mekundu na ya kijivu, mengine yana vumbi la siku nyingi, mengine yamewekwa juzijuzi, na pembeni nyayo za ng'ombe na mbuzi zilikuwa zimekanyagana.

"Nani ameweka hii yote?"

"Wanaopeleka wanyama maji. Wengine hata hawakumjua."

"Kumbe hajasahauliwa." Sadiya alihema. "Ulikuwa unaogopa bure, Ayo."

"Mimi? Mimi sikuogopa hiyo hata siku moja."

Sadiya akaanza kutafuta jiwe. Aliokota moja akalitupa, akaokota la pili akaliona dogo, akaenda mbali kidogo akarudi, mpaka mama akamwambia yoyote inatosha. Alipoliweka, likateleza likaanguka. Akaliweka tena, akalishikilia kwa viganja vyote viwili mpaka likakaa. Alianza Fatiha, akapotea katikati, sura ambayo ameisoma tangu utotoni, na Kabale akaisoma naye kutoka hapo mpaka mwisho. Sadiya alilia bila kujificha. Alimlilia baba yake kwa mara ya kwanza bila umati wa wanawake wa kumsaidia.

Kabale alikaa chini kando yake mpaka akamaliza.

"Kila mtu amepita hapa ameweka yake," akasema. "Yako tu ndiyo sikuwa nimeona. Sasa ningekaa kwako namna gani? Nakula kwako, nalala kwa godoro yako mpya, na mimi najua hiyo?"

"Si ungeniambia! Neno moja tu, Ayo. Ningekuja siku ileile."

"Ungekuja kwa sababu mama amesema."

Kabale alijiinua kwa kushika bega la Sadiya, akakung'uta mchanga kwenye deraa, akatazama kule barabara inakopita.

"Gari ya Isiolo," akauliza, "inarudi leo?"